Tulitozwa paundi 13.50 kwa maji kwenye majagi. Ni halali?

SWALI

Mshauri, salaam.

Ninaishi Leicester. Mwezi uliopita wakwe zangu walikuja kutoka Mombasa kututembelea, nikawapeleka chakula cha mchana Jumapili kwenye baa moja inayopika. Tulikuwa watu tisa na hakuna aliyekunywa pombe. Wazee hawakutaka soda, nikamwambia mhudumu atuletee maji. Akaleta majagi mawili yenye barafu na vipande vya limau, pamoja na glasi tisa. Bei hakuitaja.

Bili ilipokuja nikakuta mstari wa maji: watu tisa, paundi 1.50 kila mmoja, jumla paundi 13.50. Juu ya bili yote, maji yakiwemo, wameongeza asilimia 12.5 ya huduma. Nikamwita meneja. Akasema maji yale yamepita kwenye chujio, kuna barafu, kuna kuosha glasi, na ndiyo bei yao. Baba mkwe amekaa pale ananitazama. Nikalipa, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata tukaenda mgahawa wa halali, mahali pasipouzwa pombe kabisa. Safari hii niliomba maji ya bomba waziwazi. Mhudumu akasema hawatoi, wana chupa ndogo tu za paundi 1.20. Nikaona nimeonewa mara mbili.

Shemeji yangu anashikilia kwamba sheria ya Uingereza inamlazimisha kila mwenye mgahawa kutoa maji bure. Ni kweli? Naweza kurudishiwa pesa zangu? Na siku nyingine nifanyeje ili nisiaibike mbele ya wageni?

Mwenye Wageni, Leicester

JIBU

Ndugu yangu,

Shemeji yako amepata nusu. Sheria ipo na ina meno, ila haimhusu kila mwenye mgahawa. Inamhusu mwenye leseni ya kuuza pombe inayonywewa palepale. Kwa hiyo kwenye ile baa una hoja, na kwenye mgahawa wa halali huna, ingawa najua moyo wako ungependa iwe kinyume: waliokuuzia chupa ni watu wa imani yako, na wao ndio wasiobanwa.

Haki hii haikutokana na sheria za chakula wala za ulinzi wa mlaji. Ilitokana na vita dhidi ya ulevi. Mwaka 2010 serikali ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, ikaweka masharti ya lazima kwa kila leseni ya baa, hoteli, klabu na mgahawa wa England na Wales unaouza pombe ya kunywewa ndani. Masharti hayo yanakataza mashindano ya kunywa, yanataka umri wa mnunuzi ukaguliwe, yanataka vipimo vidogo viwepo, kama nusu painti ya bia na mililita 125 za divai. Katikati yake kuna sharti la maji. Mnywaji apate kitu cha kupunguzia makali bila kulipia, na anayecheza muziki usiku kucha asikaukiwe na maji mwilini. Maji yaliingizwa humo kwa ajili ya usalama wa wanywaji. Sisi tusiokunywa tunafaidika kwa sababu sharti linataja wateja, na mteja ni mteja hata akiagiza wali na kuku peke yake. Kwa hiyo usimwache mtu akuambie kwamba maji ya bure ni ya wanaonunua bia.

Sasa tazama maneno yenyewe, maana kesi yako iko ndani yake. Amri ya 2010 ilitaja maji ya bomba. Ilipoandikwa upya mwaka 2014, neno bomba likaondolewa, yakawekwa maji salama ya kunywa. Leo sharti linasema hivi: mhusika ahakikishe wateja wanaoomba wanapewa maji salama ya kunywa bila malipo, pale yanapopatikana kwa kadiri ya kawaida. Kila kipande kina uzito wake.

Bila malipo. Mita moja ya ujazo ya maji inajaza glasi 4,000 za mililita 250. Hata tukikadiria paundi 5 kwa mita hiyo, pamoja na gharama ya maji taka, pensi moja inalipia glasi nane. Kwa hiyo ile paundi 1.50 haikuwa gharama ya maji. Meneja atakuambia analipia kazi na glasi, na hapo tutarudi, kwa sababu ndiko wanakopenyea.

Wanaoomba. Mhudumu halazimiki kukuletea maji kabla hujasema, wala kukukumbusha kwamba unayo haki hiyo. Hapa ndipo penye udhaifu wako, na ni heri nikuambie mimi kabla hajakuambia meneja. Uliomba maji tu. Baa nyingi zina mashine ya kuchuja maji na kuyatia gesi, wanayajaza kwenye majagi au chupa zao za kioo na kuyauza kwa kichwa au kwa chupa. Hiyo ni bidhaa, na kuiuza si kosa kama bei iko kwenye menyu na mteja ameichagua. Ukisema maji bila kuongeza neno, mhudumu atachukua yale yenye bei. Mhudumu anapouliza kama unataka ya kawaida au ya gesi, ujue yote mawili anayokutajia kwa kawaida yanalipiwa. Jibu linalokulinda ni la tatu, na lazima ulitoe kwa Kiingereza chao: tap water, please. Ukiongeza kwamba unataka ya bure, hakuna tena nafasi ya kuelewana vibaya.

Yanapopatikana kwa kadiri ya kawaida. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri unatoa mfano wa bomba kuu la mtaa lililopasuka: huwezi kumdai mwenye baa maji ya bomba siku hiyo, ingawa mwongozo huohuo unasema huenda ikawa haki kumtarajia atoe ya chupa. Nje ya dharura za namna hiyo, baa yenye jiko ina bomba la maji baridi, basi maji yanapatikana. Na kwa kuwa sharti halisemi tena bomba, meneja hawezi kujitetea kwamba ana ya chujio peke yake. Ya chujio nayo ni salama ya kunywa. Kama hayo ndiyo pekee aliyo nayo, basi mwenye kuomba apewe hayo bure.

Akikuelekeza ukajaze msalani, kataa. Bomba la jikoni huwa limeunganishwa moja kwa moja na mtandao wa maji ya kunywa. Katika majengo ya zamani ya nchi hii, mabomba ya msalani mara nyingi hupokea maji kutoka tangi la darini, ambalo huenda halina mfuniko mzuri, na maji hukaa humo muda mrefu. Maji ya moto ya bomba lolote usiyanywe kabisa.

Nirudi kwenye glasi. Sharti linataja maji tu. Glasi, barafu na limau halivitaji. Ndiyo maana utasikia, na hata mashirika yanayohimiza watu kunywa maji ya bomba yamekuwa yakieleza hivyo, kwamba baa inaweza kutoza matumizi ya glasi au huduma. Mimi nasema tozo ya namna hiyo ikigeuzwa bei ya maji kwa jina lingine, inapingana na lengo la sharti, na ninaona mwenye baa anayeiweka anajitafutia mzozo na halmashauri. Lakini sheria haijamkataza waziwazi, kwa hiyo usiende vitani ukiitegemea hoja hiyo peke yake. Iegemee hii: tozo yoyote lazima uijue kabla. Tangu Aprili 2025 sheria mpya ya ulinzi wa mlaji inataka malipo yasiyoepukika yaonekane ndani ya bei inayotangazwa, yasichomoze mwishoni. Na Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inasema huduma ambayo bei yake haikukubaliwa inalipwa bei ya wastani inayostahili. Hukuambiwa paundi 1.50. Kama haikuandikwa kwenye menyu pia, hapo pana nguvu zaidi kuliko kubishana habari ya chujio.

Ile asilimia 12.5 ni rahisi zaidi. Tazama chini ya menyu au kwenye bili. Kama wameandika kwamba ni ya hiari, una haki ya kuikataa yote au kuipunguza, na hulazimiki kutoa sababu. Juu ya maji peke yake ilikugharimu paundi 1.69, hivyo unachodai ni paundi 15.19.

Kuzidai, anza na karatasi. Tafuta bili na risiti ya kadi. Ikiwa bili imepotea, baa inaweza kuitoa tena ukiwapa tarehe, saa na tarakimu nne za mwisho za kadi. Kisha fungua menyu yao mtandaoni uone kama maji yana bei, upige picha ya ukurasa huo kabla hawajaubadilisha. Baada ya hapo mwandikie meneja barua pepe fupi. Iwe na tarehe, namba ya meza, idadi ya watu, kiasi cha 13.50 na cha 1.69. Useme hukuonyeshwa bei wala hukuagiza maji ya kulipia. Useme unajua leseni yao ina sharti la lazima la maji salama ya bure kwa anayeomba. Uombe pesa zirudishwe ndani ya siku 14. Usiweke vitisho wala historia ya familia. Barua ya mistari minane inasomwa na kupelekwa makao makuu, barua ya kurasa mbili inawekwa kando. Naona una nafasi nzuri ya kurudishiwa, kwa kuwa 15.19 kwao ni ndogo kuliko usumbufu.

Wakikataa, nenda kwenye tovuti ya halmashauri ya mji na uandikie kitengo cha leseni. Elewa wanachoweza. Hawatakurudishia pesa, kazi yao ni kuhakikisha sharti linafuatwa. Kutofuata sharti la leseni ni kosa la jinai kisheria, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi 6 au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kwa majagi mawili ya maji usitarajie mtu apelekwe mahakamani. Afisa atapiga simu au kufika, na kwa mwenye baa simu hiyo ni nzito, kwa kuwa leseni ndiyo biashara yake. Habari ya bei iliyofichwa inapitia Citizens Advice, shirika linalowashauri wananchi bure, ambao huipeleka kwa maafisa wa biashara wa halmashauri.

Mahakama ya madai madogo usiifikirie: ada ya kufungua dai lisilozidi paundi 300 ni paundi 35, zaidi ya mara mbili ya unachodai. Kuomba benki iyarudishe malipo ya kadi nako ni njia dhaifu, kwa sababu uliidhinisha bili ukiwa umeiona.

Tuje mgahawa wa halali. Pasipouzwa pombe hakuna leseni ya pombe, na pasipo leseni sharti la maji halina pa kushika. Mwenyewe anaweza kukataa maji ya bomba, anaweza kuyauza, anaweza kukuambia ununue chupa. Vivyo hivyo kwa mkahawa wa chai na keki, na kwa mgahawa unaowaruhusu wateja waje na divai yao wenyewe. Nina masikitiko na hali hii, maana migahawa hiyo ndiyo familia zetu zinakokwenda zaidi, na wazee wenye kisukari na wanaomeza dawa za presha wanahitaji maji kuliko walevi. Lakini unapodai haki ambayo haipo, unamvunjia heshima mhudumu na unaondoka mikono mitupu. Hapo omba kama hisani. Mwambie ni kwa ajili ya dawa ya mzee au kunyonyeshea, wengi wanatoa. Ukipanga futari ya watu wengi mwezi wa Ramadhani, suala la maji liwe ndani ya makubaliano unapoweka nafasi: majagi mangapi kila meza, na kama yako ndani ya bei ya kichwa. Omba jibu kwa maandishi.

Utajuaje mahali pana leseni kabla hujakaa? Orodha ya vinywaji yenye bia au divai inatosha kwa kawaida. Ukitaka uhakika, sheria inataka muhtasari wa leseni ubandikwe mahali panapoonekana, mara nyingi karibu na mlango au kaunta, na kila halmashauri ina daftari la leseni ambalo umma unaruhusiwa kulisoma. Soma kinachoruhusiwa, usiishie kuona karatasi. Duka la kuku na chipsi linalouza chakula cha moto baada ya saa tano usiku linahitaji leseni pia, na karatasi yake inafanana na ya baa, lakini kama haina ruhusa ya kuuza pombe, sharti la maji halimo. Duka linalouza pombe ya kubeba tu nalo halimo.

Kuna mahali pengine watu wetu wanakwama: uwanja wa ndege. Baa zilizo ndani, baada ya ukaguzi wa usalama, katika viwanja vikubwa ziko nje ya Sheria ya Leseni, na hali ni hiyo ndani ya ndege na treni iliyo safarini. Ukiwasindikiza wakwe zako kurudi Mombasa, wape chupa tupu wapite nayo ukaguzi, waijaze kwenye bomba la kunywea lililo ndani.

Ukienda Scotland, sheria yao ni nyingine na maneno yake ni mepesi zaidi. Sheria ya Leseni ya Scotland ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu Septemba 2009, inasema maji ya bomba yanayofaa kunywewa yatolewe bure kwa anayeomba pale panapouzwa pombe ya kunywewa ndani, na vinywaji vingine visivyo na pombe viuzwe kwa bei ya kadiri. Huko kila halmashauri ina afisa wa viwango vya leseni, naye ndiye wa kuandikiwa.

Sasa aibu mbele ya wageni, ambayo naona ndiyo iliyokuuma kuliko pesa. Imalize kabla watu hawajakaa. Unapopiga simu kuweka meza, sema mko tisa na mtahitaji majagi mawili ya maji ya bomba. Mkifika, mfuate mhudumu kaunta wewe mwenyewe urudie maneno hayo, mezani wageni wasisikie habari ya bei hata kidogo. Na waeleze wazee mapema kwamba maji ya bomba hapa ni ya kunywa. Mtu aliyetoka kwetu amezoea kuomba ya chupa kwa usalama wake, na akimwambia mhudumu anataka ya chupa, hapo ameagiza na bili itakuja kihalali.

Kama mstari wa maji utatokea tena, usiinuke na kuondoka na bili, kwa kuwa kutoka bila kulipa kwa nia ya kudhulumu ni kosa chini ya Sheria ya Wizi ya 1978. Mwombe meneja mje kando, mbali na meza. Mwambie uliomba maji ya bomba, mwonyeshe mstari, mwombe auondoe pamoja na huduma iliyohesabiwa juu yake. Akikataa una njia mbili. Ya kwanza ni kulipa yote yasiyo na ubishi, kumwachia jina na anwani yako, na kumwambia hiki kimoja unakipinga. Hapo hakuna udanganyifu, kuna mgogoro wa madai tu. Ya pili, inayofaa ukiwa na wakwe, ni kulipa yote na kuandika kwenye nakala ya bili kwamba umelipa huku ukipinga mstari wa maji, upige picha, kisha barua pepe ile ya mistari minane iende kesho yake asubuhi.